"Court of guard": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la kale la lindo katika Kiingereza

Ukurasa huu umeandaliwa kwa wasomaji wa fasihi ya Kiingereza cha kale, wanafunzi wanaosoma Shakespeare, wafasiri, na yeyote aliyewahi kukwama katikati ya ukurasa kwa sababu ya maneno matatu yanayoonekana mepesi, "court of guard", ambayo kamusi ndogo hazina habari nayo.

"Court of guard" ni kitu gani?

Ni lindo la kijeshi. Waingereza wa mwishoni mwa karne ya 16 na wa karne ya 17 walilitumia jina hili kwa chumba, nyumba au kibanda kilichokuwa langoni mwa mji, ndani ya ngome au pembeni mwa kambi, ambamo askari wa zamu walikaa usiku kucha, wakitoka kwenda kusimama kwenye vituo vyao na kurudi baada ya kupokewa na wenzao. Jina hilohilo liliwataja pia askari wenyewe kama kundi, jambo ambalo limefafanuliwa zaidi hapa chini. Mwingereza wa leo angesema "guardhouse" ikiwa ni nyumba inayojitegemea, au "guardroom" ikiwa ni chumba ndani ya jengo kubwa zaidi.

Je, lina uhusiano wowote na mahakama, au na baraza la mfalme?

Halina. Hili ndilo kosa la kwanza la wasomaji wengi, na si la kushangaza, kwa kuwa "court" ya Kiingereza cha leo ni mahakama, ni baraza la mfalme, na ni ua uliozungukwa na kuta. Msomaji anapokuta askari wakisema kwamba watarudi kwenye "court of guard", hudhani wanakwenda kwa mfalme au kwa hakimu, kumbe wanarudi kwenye moto wao. Vilevile neno hili lisichanganywe na "court-martial", ambayo kweli ni mahakama ya kijeshi.

Kama si mahakama wala baraza, hiyo "court" ilitoka wapi?

Ilitoka masikioni. Neno la asili ni la Kifaransa, "corps de garde", yaani kundi la walinzi, na Wafaransa hawatamki "p" wala "s" katika "corps". Wanasema "kor", kisha "de" hufuata upesi, na kinachosikika ni kitu kama "kordgard". Askari wa Kiingereza ambaye hakujua Kifaransa aliisikia sauti hiyo, akatafuta katika lugha yake neno linaloifanana, akalipata "court", kisha akaigeuza "de" kuwa "of", na "garde" ikawa "guard", ambayo Waingereza walikwisha kuichukua kwa Wafaransa zamani. Matokeo yake yakawa kirai chenye sura kamili ya Kiingereza: kila neno lina maana, sarufi haina dosari, na asiyejua hawezi kushuku kwamba mbele yake kuna neno la kigeni lililovishwa mavazi ya nyumbani.

Wasemaji wa Kiswahili wanaufahamu vizuri mchezo huu. Kinga ya tope ya baiskeli, ambayo kwa Kiingereza huitwa "mudguard", iliingia kwetu kama "madigadi", na masikio yetu yalipoisikia ile "ma" ya mwanzo yakaamua kwamba huo ni wingi. Basi moja ikawa "digadi". Aliyeunda "digadi" alikuwa anaitii sarufi ya lugha yake, na yule askari aliyeunda "court of guard" alifanya hivyohivyo kwa upande wake. Kwa maoni yangu, wanaoliita neno hili "upotoshaji", kama vitabu vingi vya zamani vinavyofanya, wanalionea.

Kuna sadfa moja inayopendeza katika asili ya maneno haya. "Corps" inatokana na neno la Kilatini la mwili, "corpus", lakini "court" nayo inatokana na "cohors", ambalo kwa Warumi lilikuwa ua uliozungushiwa uzio na pia lilikuwa kikosi cha askari. Kwa hiyo neno lililochukuliwa kwa kufanana sauti tu lilikuwa, karne nyingi kabla, na maana ya mahali na maana ya kundi la wanajeshi kwa pamoja. Askari wa Kiingereza hakuwa na habari hizo.

Ama "guard", huyo ni ndugu wa "ward". Neno moja la asili ya Kijerumani liliingia Kiingereza kwa njia mbili: moja kwa moja kutoka Kiingereza cha kale, likabaki na "w", na kwa kupitia Kifaransa, ambako "w" iligeuka kuwa "gu". Kifaransa cha kaskazini nacho kiliibakiza "w", ndiyo maana Kiingereza kina pia jozi kama "warden" na "guardian", au "warranty" na "guarantee", zenye maana za jirani jirani na zote zilizopitia Kifaransa. Kabla ya "court of guard" kuvuma, "ward" na "watch" yalikuwa maneno ya kawaida kabisa ya ulinzi.

Ikiwa Waingereza walikuwa na "ward" na "watch", kwa nini waliazima?

Kwa sababu vita vyao vya wakati huo walijifunza kwa wengine. Mwaka 1585, kwa mkataba wa Nonsuch, Malkia Elizabeth wa Kwanza alikubali kuwasaidia Waholanzi waliokuwa wameasi utawala wa Hispania. Mwezi Desemba mwaka huohuo Earl wa Leicester alivuka bahari kwenda kuliongoza jeshi la Waingereza huko, na miji ya Vlissingen na Brielle ikawekwa mikononi mwa Waingereza kama rehani hadi 1616. Maelfu ya askari walikaa katika ngome hizo miaka mingi, wakichanganyika na Waholanzi, Wafaransa, Wajerumani na Waitaliano. Sanaa ya vita ilikuwa imebadilika kwa sababu ya mizinga na bunduki, na msamiati mpya ulitoka Italia, Hispania, Ufaransa na Uholanzi. Aliyerudi nyumbani alirudi na maneno, na bila shaka alipenda yasikike.

Si kila mtu alifurahi. Sir John Smythe, mwanajeshi wa kizazi kilichotangulia, alichapisha kitabu mwaka 1590 ambamo aliwashambulia maofisa vijana waliokataa kuiita kambi kwa jina lake la Kiingereza, wakaiita "legar" kwa mtindo wa Waholanzi, na ambao mji ukizingirwa walisema "umebelegariwa", kana kwamba taifa la Kiingereza halikuwahi kupigana vita kabla ya hapo. Malalamiko yake yanafanana sana na ya wazee wetu kuhusu vijana wanaochanganya lugha, na mafanikio yake yalikuwa yaleyale. "Court of guard" lilikua katika hali ya hewa hiyo.

Huenda njia ya Uholanzi ilichangia hata umbo la neno. Waholanzi nao walilichukua "corps de garde" wakalitamka "kortegaard", lenye "t" ileile tunayoiona katika "court". Askari wa Kiingereza aliyekaa Vlissingen angeweza kulisikia kwa Mfaransa asubuhi na kwa Mholanzi jioni.

Ndani ya lindo hilo kulikuwa na nini?

Jambo la kwanza lilikuwa moto, na haukuwa wa kuotea tu. Bunduki za wakati huo zilikuwa bunduki za mrao: risasi haikutoka mpaka utambi uliowashwa ushushwe kwenye baruti. Mlinzi aliyesimama ukutani na utambi uliozimika alikuwa ameshika rungu refu la chuma na mti, si zaidi. Kwa hiyo lindo lilipaswa kuwa na moto usiozimika, ambao kila anayetoka kwenda kwenye kituo chake aliwashia utambi, na mvua ya usiku ilikuwa tishio kwa ulinzi wote wa mji. Ukilijua hili, utaona kwamba nyumba yenye paa karibu na ukuta ilikuwa sehemu ya silaha.

Pembeni ya moto walikuwepo askari wenyewe, wengine wamelala chali na viatu vyao miguuni, wengine wakicheza dadu, huku koplo akihesabu saa na kuwatoa wale ambao zamu yao imewadia. Kila usiku ulikuwa na neno lake la siri, lililotolewa na mkuu wa ngome na kupelekwa kwenye malindo yote. Asiyelijua alizuiwa kwa ncha ya mkuki. Afisa wa doria alizunguka kutazama kama walinzi wako macho, na aliyekutwa amelala kwenye kituo chake angeweza kuuawa kwa sheria za vita. Wakorofi na watu walioshukiwa usiku waliletwa lindoni na kuwekwa hapo hadi asubuhi, na kutokana na desturi hiyo nyumba za walinzi wa kijeshi katika nchi nyingi zikawa pia mahabusu za askari.

Atakaye kuliona kwa macho atazame michoro ya Waholanzi wa karne ya 17. Wachoraji kama Pieter Codde, Willem Duyster na Jacob Duck walichora vyumba vya walinzi kwa wingi kiasi kwamba michoro ya namna hiyo ilipata jina lake, na jina lenyewe ni hilohilo "kortegaard": ngoma imelazwa sakafuni, karata au dadu juu yake, bwana mmoja amesinzia, mwingine anavuta kiko, silaha zimerundikwa pembeni.

Lilitaja jengo au watu?

Vyote viwili, na mara nyingi haiwezekani kuvitenganisha. Katika Kifaransa maana ya kwanza ilikuwa watu, yaani "kundi la kulinda". Kisha ikahamia mahali watu hao wanapokaa. Ensaiklopedia ya Chambers iliyochapishwa London mwaka 1728 inalieleza "corps de garde" kuwa ni kituo, mara nyingine chenye paa na mara nyingine cha wazi, kinachopokea askari wanaolinda kwa kupokezana. Hapo tunaona kwamba jengo halikuwa sharti. Moto uliowashwa uwandani na askari ishirini wameuzunguka ulistahili jina hilo sawasawa na chumba cha mawe chini ya mnara wa lango.

Msomaji wa Kiswahili hatataabika na jambo hili, kwa kuwa "lindo" letu pia ni mahali pa kulindia na ni kazi yenyewe ya kulinda. Askari "yuko lindoni" hata kama amesimama chini ya mwembe.

Shakespeare alilitumia wapi?

Katika tamthilia tatu, na katika zote ni usiku, na katika zote mambo yanaharibika.

Ya kwanza ni sehemu ya kwanza ya Henry wa Sita, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1590. Tuko Orléans, juu ya ukuta, tendo la pili. Sajini wa Kifaransa anawapanga walinzi na kuwaagiza kwamba wakisikia sauti au wakimwona askari karibu na ukuta, watoe ishara ya wazi ili habari zifike kwenye "court of guard". Anaondoka. Mlinzi mmoja anabaki akinung'unika kwamba watumishi maskini wanalazimika kukesha katika giza, mvua na baridi huku wengine wamelala vitandani kwa raha, na papo hapo Waingereza wa jemadari Talbot wanawasili na ngazi zao. Dakika chache baadaye mabwana wakubwa wa Ufaransa wanaruka ukuta wakiwa na mashati ya kulalia, kisha wanaanza kulaumiana ni zamu ya nani iliyozembea. Kihistoria tukio hilo halikutokea, kwa maana Waingereza hawakuwahi kuutwaa mji wa Orléans katika mzingiro wa 1428 hadi 1429. Lakini kama picha ya jinsi lindo linavyofanya kazi, na jinsi linavyoshindwa, ni sahihi sana: mlinzi ukutani, ishara, kundi linalosubiri nyuma, na afisa anayewajibika.

Ya pili ni Othello, ya mwaka 1603 au 1604 hivi. Kisa kiko Kupro, kisiwa kilichokuwa chini ya Venisi mpaka Waturuki walipokitwaa mwaka 1571. Iago, askari mwenye hila aliye chini ya jemadari Othello, anamweleza Roderigo, anayemtumia katika hila zake, kwamba usiku huo luteni, yaani Cassio, ndiye atakayekesha kwenye "court of guard". Sentensi hiyo fupi ndiyo mlango wa hila yote. Cassio ananyweshwa pombe akiwa kwenye zamu, anachokozwa, anapigana, anamjeruhi Montano, aliyekuwa gavana wa Kupro, kengele ya hatari inalia na mji unaamka. Msomaji asiyejua "court of guard" ni nini anaweza kudhani Cassio anaadhibiwa kwa sababu ya ulevi na ugomvi tu. Kosa lake ni zito kuliko hapo: afisa wa lindo amelewa lindoni, katika ngome ya mpakani iliyoponea vita siku hiyohiyo, na Othello akimvua cheo papo hapo anatenda kama jemadari yeyote wa wakati ule ambavyo angetenda.

Ya tatu ni Antony na Cleopatra, ya mwaka 1606 au 1607 hivi, na kwa maoni yangu ndiyo inayolitumia neno hili kwa ustadi mkubwa kuliko zote. Katika kambi ya Kaisari karibu na Alexandria, mlinzi anawaambia wenzake kwamba wasipopokewa ndani ya saa hiyo itabidi warudi kwenye "court of guard", kwa sababu usiku una mwanga na inasemekana jeshi litajipanga kwa vita saa ya pili ya alfajiri. Wakati huohuo Enobarbus, aliyemwacha bwana wake Antony na sasa anateketea kwa majuto, anazungumza na mwezi na kufa mbele yao. Walinzi hawajui wanatazama nini. Wanamwita, haitiki, ngoma zinaanza kuwaamsha waliolala, basi wanakubaliana wamchukue kwenye "court of guard", kwa kuwa ni mtu mwenye jina, na saa yao imekwisha. Neno limetumika mara mbili katika onyesho moja fupi, mara ya kwanza kama mahali pa kurudi baada ya zamu, mara ya pili kama mahali pa kumpeleka maiti, na kati ya hizo mbili mtu amekufa kwa huzuni huku wengine wakiwaza kupokewa. Bila shaka askari wa Kirumi hawakuwa na neno hilo. Shakespeare amewavisha usemi wa askari aliokuwa akiwasikia London.

Baadhi ya wasomaji wamevutiwa na ukweli kwamba "corps", asili ya neno hili, iko karibu sana na "corpse", yaani maiti, na wakajiuliza kama kubebwa kwa Enobarbus kwenda huko ni fumbo la makusudi. Ni wazo la kuvutia, ila sioni chochote katika maandishi kinachoulazimu mchezo huo.

Ni mstari gani wa Othello unaobishaniwa kwa sababu ya neno hili?

Ni ule wa tendo la pili, onyesho la tatu, Othello anapowakemea waliopigana. Toleo dogo la 1622 na lile kubwa la 1623 yote yanaandika "on the court and guard of safety", kirai ambacho hakieleweki vizuri: "court" gani, na "guard of safety" ni nini? Tangu karne ya 18 wahariri wengi wamependekeza kwamba mchapaji alivigeuza vijineno viwili, na kwamba kilichokusudiwa ni "on the court of guard and safety", yaani mahali pa lindo na usalama. Wanaopinga husema kwamba matoleo mawili yanapokubaliana si busara kuyagusa. Mimi naegemea upande wa marekebisho. Iago amekwisha kulitumia jina kamili saa chache kabla, hasira ya Othello inahusu lindo hasa, na kubadilishana kwa "of" na "and" ni kosa jepesi kwa mkono wa mchapaji. Hata hivyo mwanafunzi anayenukuu aangalie toleo alilonalo, kwa maana utakuta moja likisema hivi na jingine vile bila hata tanbihi.

Je, limewahi kufasiriwa kwa Kiswahili?

Tamthilia za Shakespeare zilizozoeleka katika shule zetu hazina neno hili. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Mwalimu Nyerere hazikulihitaji, wala Makbeth na Tufani za S. S. Mushi. Atakayezifasiri zile tatu nilizozitaja asihangaike kutafuta neno refu: "lindo" linatosha katika Henry na Othello. Katika Antony na Cleopatra ningeandika "lindo kuu" au "makao ya walinzi", ili mtazamaji aone kwamba walinzi wanaondoka kwenye kituo kidogo kurudi kwenye kikubwa. "Nyumba ya walinzi" ni sahihi lakini ni nzito mdomoni mwa mwigizaji, na "kituo cha polisi", ambacho nimewahi kukiona kikipendekezwa, kinaharibu kila kitu.

Je, neno lenyewe liliingia Kiswahili kwa njia yoyote?

Hapana. Miaka ambayo Waingereza walikuwa wakilizoea neno hili ndiyo miaka ambayo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, mwaka 1593, na kama kuna neno la ngome tulilolichukua wakati huo lilipitia kwao. Mfano unaojulikana zaidi ni "gereza", ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa linatokana na "igreja", neno la Kireno la kanisa.

Lilitoweka lini, na kwa nini?

Halikutoweka kwa siku moja. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, kuanzia 1642, lilikuwa bado neno la kila siku. London ilizungushiwa maboma na mahandaki yenye urefu wa kilomita 18 hivi, na jiji lenye maboma ni jiji lenye malindo. Baada ya karne ya 17 linazidi kuwa adimu. Sababu zilizo wazi ni mbili. Kwanza, "guardhouse" lilikuwepo, na linajieleza lenyewe: nyumba ya ulinzi. Pili, maofisa waliosoma walirudi kwenye tahajia ya Kifaransa, kwa hiyo katika vitabu vya kijeshi vya karne ya 18 utakuta "corps de garde" likiwa limeandikwa kigeni kabisa, na umbo la Kiingereza likabaki bila mtetezi kwa wasomi wala kwa askari wa kawaida.

Mbona basi nimelikuta katika shairi la karne ya 19?

Huenda ulikuwa ukisoma The Lady of the Lake la Walter Scott, lililotoka mwaka 1810. Wimbo wake wa sita unaitwa "The Guard-Room", lakini ndani yake Scott anaandika "Court of Guard": asubuhi katika ngome ya Stirling, jua linapenya kwenye tundu nyembamba na dirisha lenye nondo, linapambana na hewa iliyojaa moshi na kuufifisha mwanga wa mienge. Mle ndani kuna mabaki ya ulevi wa usiku na askari wa kukodiwa kutoka Uswisi, Flanders, Italia na kwingineko, na katikati yao anaingia Ellen na mpiga kinubi mzee. Scott alilichagua kwa makusudi kama neno la kale, ili chumba kinuke zamani. Waandishi wa riwaya za kihistoria waliomfuata walimwiga, na wengi wa wasomaji wanaolikuta neno hili nje ya Shakespeare wanalikuta kwa njia hiyo.

Kuna majina mengine ya Kiingereza ya malindo yaliyopitwa na wakati?

Yapo, na mengine yana historia ndefu kuliko hili. "Watch-house" lilikuwa jina la kituo cha walinzi wa usiku wa kiraia, hasa London kabla ya sheria ya mwaka 1829 iliyounda polisi wa jiji hilo. Waliokamatwa usiku walilazwa humo mpaka wapelekwe kwa hakimu. Baadhi ya mahabusu hizo za parokia ziliitwa "roundhouse", na ile ya St Martin ilipata sifa mbaya Julai 1742, wanawake waliokamatwa walipojazwa kwenye chumba kimoja na kufungiwa usiku wa joto, na kadhaa kati yao wakafa kwa kukosa hewa. Huko Uskoti "watch-house" zilijengwa hata makaburini, kuwalinda wafu dhidi ya wezi wa maiti waliowauzia walimu wa anatomia, mpaka sheria ya 1832 ilipoiua biashara hiyo. Katika jimbo la Queensland, Australia, neno hili bado linatumika rasmi kwa mahabusu ya polisi.

"Garret" leo ni chumba cha darini, makazi ya mshairi maskini. Zamani kilikuwa kinara cha mlinzi juu ya ukuta, kutoka Kifaransa cha kale "garite". Wahispania bado huita kibanda cha mlinzi "garita". Na "choky", neno la mitaani la Uingereza lenye maana ya jela, lilitoka India, kwenye "chauki", kituo cha walinzi au cha ushuru, ambako pia limetoka jina la mlinzi, "chaukidar".

Lugha nyingine zililifanya nini neno lilelile?

Ziliishi nalo vizuri kuliko Kiingereza. Warusi wanalo kama "kordegardiya" na Wapolandi kama "kordegarda", kwa kawaida likitaja nyumba ndogo ya walinzi kwenye lango la kasri. Mjini Warsaw nyumba ya namna hiyo mbele ya kasri la Potocki sasa ni ukumbi wa sanaa, na ukumbi wenyewe unaitwa Kordegarda. Wafaransa bado wanalo, na mzaha mchafu kwao huitwa mzaha wa "corps de garde", jambo linalotuambia mengi kuhusu mazungumzo ya pembeni ya ule moto. Wahispania wanalitumia jeshini kama "cuerpo de guardia". Huko Kuba maana imetoka kabisa jeshini: mgonjwa anayekimbizwa hospitali usiku hupelekwa "cuerpo de guardia", yaani kwenye idara ya dharura, ambako daktari wa zamu yuko macho.